Virusi Katika Tanuri la Chembe Hai

Kwa msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara wakati wa msimu wa kusaga miwa, Kidatu hujitambulisha mapema. Kwanza huja harufu nzito ya molasi, kisha matrekta yenye matela yaliyosheheni miwa, halafu moshi wa mabomba marefu ya kiwanda cha sukari, na nyuma yake milima ya Udzungwa. Moshi huo kwa sehemu kubwa hautokani na makaa wala na mafuta yaliyonunuliwa mbali. Miwa ikiisha kukamuliwa, makapi yake hayatupwi, bali huingizwa katika matanuri, yakachemsha maji yakawa mvuke, na mvuke huo ukaendesha mashine zile zile zinazongoja kukamua shehena inayofuata. Kiwanda hujilisha kwa mabaki yake chenyewe.

Makala haya si juu ya sukari. Yanahusu tanuri jingine, dogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, lililomo ndani ya karibu kila chembe hai ya mwili wa msomaji, na wezi waliojifunza kulitumia. Tumeanzia Kidatu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mfano wa kiwanda chenyewe, ambao utatufaa mpaka mahali fulani. Ya pili ni kwamba bonde la Kilombero ni mojawapo ya sehemu za nchi yetu ambako swali la kila mzazi, "homa hii ni ya nini?", limechunguzwa kwa makini.

Homa za bondeni

Mwaka 1957 maabara ya Waswisi ilifunguliwa Ifakara kwa juhudi za Profesa Rudolf Geigy wa mji wa Basel, nayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo. Kwa miaka mingi malaria ilichukua sehemu kubwa ya kazi yake, na ilistahili, kwani bonde lenye mpunga, mito na mafuriko ya kila masika halikosi mbu. Mazoea ya siku hizo, bondeni na mijini vilevile, yalikuwa kwamba mtoto mwenye homa hupewa dawa ya malaria, na shauri limekwisha.

Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, wote wa umri wa chini ya miaka 10, waliofikishwa kliniki za Dar es Salaam na Ifakara. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yaliwashangaza wengi. Malaria ilionekana kwa watoto wapatao asilimia 10 tu. Magonjwa ya virusi vya namna mbalimbali, hasa ya njia ya hewa, yalionekana kwa asilimia 70 hivi.

Tarakimu hizo zafaa kusomwa mara mbili. Zamaanisha kwamba wengi wa watoto wale hawakuwa na ugonjwa ambao dawa ya malaria ingeuponya, wala dawa za kuua bakteria. Kwa virusi vilivyo vingi hakuna dawa kabisa, na sababu yake ni ya msingi. Bakteria ni kiumbe kamili: ana ukuta wake, mashine zake na chakula chake, hivyo mfamasia aweza kuzilenga mashine hizo bila kuzigusa za mgonjwa. Kirusi hakina kiwanda. Kirusi cha dengi, kwa mfano, kina maelekezo ya kutengeneza protini 10 tu, ilhali chembe hai ya binadamu ina jeni za protini zipatazo 20,000. Kwa protini zake hizo 10 kirusi huingia, huamrisha, na kujizalisha kwa maelfu. Kazi nyingine yote hufanywa na mashine zetu wenyewe.

Basi mwenye kutaka kumzuia mwizi huyu hana budi kujua ni mashine zipi anazozitumia. Moja kati yake ni tanuri.

Jokofu la Christian de Duve

Tanuri hili liligunduliwa kwa bahati. Mwishoni mwa mwaka 1949, huko Louvain nchini Ubelgiji, Christian de Duve alikuwa akichunguza ini la panya ili aelewe kazi ya insulini. Katika mchanganyiko wa ini lililosagwa alipima kimeng'enya kimoja kinachofanya kazi katika hali ya asidi, akakuta nguvu yake ni ndogo mno kuliko ilivyotarajiwa. Mchanganyiko ukawekwa kwenye jokofu. Siku tano baadaye ulipopimwa tena, nguvu ya kimeng'enya ilikuwa imerudi.

Mtu mwingine angesema kipimo cha kwanza kilikosewa, akakifuta. De Duve na wenzake walijiuliza kimeng'enya kilikuwa wapi siku ya kwanza. Jibu lilikuwa kwamba kilikuwa kimefungiwa ndani ya kifuko chenye utando, na kwa kukaa siku kadhaa utando ulichakaa, kikatoka. Mwaka 1955 walivipa vifuko hivyo jina la laisosomu. Ndani yake mna asidi na vimeng'enya vya kuvunja protini, mafuta, wanga na asidi za nyuklia. Kwa ufupi, ni tumbo la chembe hai.

Hadubini za elektroni za miaka ile zilionyesha jambo la ajabu zaidi: ndani ya baadhi ya vifuko vya chembe hai mlikuwa na vipande vya chembe hai yenyewe, kama mitokondria iliyokatika. Chembe hai ilikuwa inajila. Mwaka 1963, katika mkutano uliofanyika London, de Duve alikiita kitendo hicho kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya "kujila mwenyewe". Sisi tutakiita otofajia.

Utaratibu wake ni huu. Utando mwembamba wenye umbo la bakuli huanza kukua katikati ya chembe hai. Hukua ukizunguka kitu kinachotakiwa kuondolewa: protini zilizoharibika, mitokondria iliyochoka, tone la mafuta, au bakteria aliyepenya. Kingo za bakuli hukutana, na kitu hicho kinabaki kimefungwa ndani ya kifuko chenye tando mbili. Kisha kifuko huungana na laisosomu, asidi na vimeng'enya huingia, na mzigo wote huvunjwa na kurudishwa kama malighafi. Chembe hai yenye njaa huongeza kazi hii ili ipate chakula; yenye shibe huipunguza.

Kwa karibu miaka 30 jambo hili lilibaki la kutazamwa tu, kwa sababu hakuna aliyejua ni jeni zipi zinazoliendesha. Aliyefungua mlango ni Yoshinori Ohsumi wa Tokyo, naye hakutumia binadamu wala panya, bali hamira. Alichukua hamira iliyokosa vimeng'enya vya kuvunjia, akaishindisha njaa, akaitazama kwa hadubini ya mwanga. Katika saa chache tumbo la hamira lilijaa vifuko vidogo vilivyokuwa vikichezacheza, kwani viliingia na havikuweza kuvunjwa. Ni kama kufunga mlango wa kutolea jivu ili uhesabu mizigo iliyoingia tanurini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992, na mwaka uliofuata alitangaza kundi la jeni 15 zinazohitajika kwa kazi hiyo. Jeni za namna hiyo zimo pia katika mpunga wa Kilombero, katika mbu wake na katika watu wake. De Duve alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974 pamoja na wenzake wawili. Ohsumi aliipata mwaka 2016.

Mlinzi ambaye pia ni mfungulia mlango

Ni rahisi kuona kwamba tanuri la namna hii ni silaha. Kirusi kilichoingia ndani ya chembe hai ni mzigo wa kigeni, na mzigo wa kigeni ungeweza kufungwa katika kifuko na kuchomwa. Hivyo ndivyo inavyotokea mara nyingi. Kwa sababu hiyo virusi kadhaa hubeba protini za kulizima tanuri. Kirusi cha malengelenge ya mdomoni kina protini inayomshika mmoja wa waanzilishi wa kazi ya otofajia na kumzuia asianze. Kirusi cha mafua makali, ambacho ni jamaa wa njia ya hewa tuliowataja, kina protini inayozuia kifuko kisiungane na laisosomu, ikawa mizigo imefungwa lakini tanuri halifikiwi.

Hayo yaeleweka. Kisichoeleweka kwa urahisi ni kwamba virusi vingine havilizimi tanuri, bali huliwasha.

Dalili ya kwanza ilionekana mwaka 1965. Samuel Dales na wenzake huko New York, mmoja wao akiwa George Palade, ambaye baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel pamoja na de Duve, walipiga picha za hadubini ya elektroni za chembe hai zilizoambukizwa kirusi cha polio. Zilikuwa zimejaa vifuko vyenye tando, navyo vilifanana na vile vya otofajia. Lakini picha haisemi nani amemfanyia nani nini. Je, chembe hai ilikuwa inapigana, au kirusi kilikuwa kinajenga?

Swali hilo lilingoja miaka 40. Mwaka 2005 kundi la Karla Kirkegaard katika Chuo Kikuu cha Stanford lilifanya jaribio ambalo mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu aweza kulifuata. Kama otofajia ni silaha ya chembe hai, basi ukiipunguza virusi vitaongezeka. Kama ni chombo cha kirusi, ukiipunguza virusi navyo vitapungua. Walipozima jeni za otofajia, polio ilipungua. Walipoichochea otofajia kwa dawa, polio iliongezeka.

Polio hufaidika vipi? Inaonekana hufaidika kwa namna zaidi ya moja. Tando za vifuko ni kama benchi za fundi: juu yake mashine ya kunakili RNA ya kirusi hujishikiza na kufanya kazi. Kadhalika, asidi ya ndani ya vifuko, ambayo ingetegemewa kukiua kirusi, yasaidia hatua ya mwisho ya kukamilisha gamba lake. Hapo mwanafunzi asishangae sana. Polio huingia mwilini kwa mdomo na kupita katika tumbo lenye asidi kali kabla ya kufika utumboni. Kirusi kilichozoea njia hiyo hakina sababu ya kuogopa asidi ndogo ya kifuko. Tena vifuko hutumika kama magari: virusi vingi kwa pamoja hufungwa ndani ya kifuko kimoja na kutolewa nje bila chembe hai kupasuka. Wenye umri wa kukumbuka watoto waliopooza miguu katika vijiji vyetu wanajua gharama ya ufundi huu. Afrika ilitangazwa kutokuwa na polio ya asili mwaka 2020, na kazi hiyo ilifanywa na chanjo, si na elimu ya vifuko.

Dengi na matone ya mafuta

Mfano unaotukaribia zaidi leo ni dengi. Dar es Salaam ilipata milipuko mikubwa mwaka 2014 na tena mwaka 2019, watu wakashikwa na homa kali, maumivu nyuma ya macho na viungo kama vilivyopigwa rungu. Anayekieneza kirusi hiki ni mbu wa jamii ya Aedes, mwenye madoadoa meupe, aumaye mchana na kuzaa katika makopo, vifuu na matairi yaliyotupwa. Chandarua cha usiku hakimzuii.

Mwaka 2010 Nicholas Heaton na Glenn Randall wa Chuo Kikuu cha Chicago walijiuliza swali la kimama wa nyumbani: kirusi cha dengi kinapojizalisha kwa wingi namna ile, nishati kinaitoa wapi? Kunakili RNA, kujenga protini na kukunja tando ni kazi za gharama. Walitazama chembe hai za ini zilizoambukizwa, wakaona kwamba matone ya mafuta ndani yake, yaliyo akiba ya siku ya shida, yalikuwa yamepungua kwa ukubwa. Vifuko vya otofajia vilikuwa vimeyazunguka. Mafuta yalikuwa yanavunjwa, yanapelekwa kwenye mitokondria, na huko yanaunguzwa kutoa nishati.

Ndipo wakafanya hatua iliyo bora kuliko zote katika kazi ile. Waliizima otofajia, na kirusi kikadhoofika. Hapo mwenye shaka angeweza kusema kwamba otofajia hutumika kwa mambo mengi, na labda kirusi kilidhoofika kwa sababu nyingine. Wakaongeza asidi za mafuta kutoka nje, zile ambazo kwa kawaida tanuri lingezitoa. Kirusi kikapata nguvu tena, ingawa otofajia ilikuwa bado imezimwa. Kwa hiyo alichokuwa anakitaka mwizi hakikuwa tanuri lenyewe. Alitaka mazao yake. Mwalimu anayetafuta mfano wa jaribio lenye udhibiti mzuri hatapata ulio wazi kuliko huu.

Turudi Kidatu. Fikiria mtu ameingia kiwandani usiku, hakuiba sukari, bali amejiunganishia waya kwenye mtambo wa umeme, kisha akawaamuru wafanyakazi wachome hata akiba ya makapi iliyowekwa kwa ajili ya siku mashine zitakapokosa miwa. Mfano huu una kasoro moja. Tanuri la kiwanda huchoma makapi tu, lakini tanuri la chembe hai huchagua mzigo, na lina njia mbalimbali za kuchagua. Baadhi ya njia hizo humfaa mwizi na baadhi humchoma. Mwaka 2017 watafiti wa Pittsburgh walionyesha kwamba chembe hai ina protini maalumu inayoupeleka tanurini mtandao wa tando za ndani, ambao ndio karakana ya dengi. Kirusi kina mkasi wa protini, na kwa mkasi huo huikata protini hiyo vipande viwili. Basi kirusi kimoja, katika chembe hai moja, huwasha mkono mmoja wa otofajia ili kipate nishati na kuukata mkono mwingine ili karakana yake isibomolewe. Kwa umbile lenye protini 10, huo ni uendeshaji wa makini mno.

Kirusi cha Newala

Hatuwezi kuzungumza juu ya virusi vya mbu Tanzania tukasahau kirusi ambacho jina lake ulimwengu mzima umelitoa kwetu. Mwaka 1952 homa ngeni ilizuka katika nyanda za juu za Wamakonde, Newala. Wagonjwa waliumwa viungo kiasi cha kushindwa kusimama wima, na wenyeji wakaiita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kile kinachopinda. Kirusi kilitengwa kutokana na damu ya wagonjwa wa mlipuko ule, na tangu hapo kimesafiri: mwaka 2005 na 2006 kilikishambulia kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi na kumpata takriban mtu mmoja katika kila watatu.

Chikungunya nayo ina habari yake ya tanuri, na ina fundisho kwa wote wanaosoma habari za "dawa mpya iliyoponya panya". Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walieleza protini mbili za binadamu zenye kazi ya kuchagua mizigo ya otofajia. Ya kwanza hulishika gamba la kirusi na kulipeleka likavunjwe. Hiyo ni rafiki yetu. Ya pili hushikamana na protini moja ya kirusi na, badala ya kukiangamiza, hukisaidia kuzaliana. Lakini protini hiyo ya pili ilipochukuliwa ya panya, haikushikamana na kirusi, wala haikukisaidia. Mtafiti ambaye angemtumia panya peke yake angehitimisha kwa moyo mweupe kabisa kwamba otofajia ni adui wa chikungunya, na angekuwa amesema nusu ya ukweli.

Homa ya Bonde la Ufa

Sasa tuje kwenye mgeni wa nne. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa mara ya kwanza nchini Kenya, katika kondoo wa karibu na Naivasha, mwaka 1931. Huua ndama na wana-kondoo, hutoa mimba za mifugo, na humpata binadamu kwa kuumwa na mbu au kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Katika mlipuko wa mwaka 2007 hapa Tanzania, mamia ya watu waliripotiwa kuugua na zaidi ya 100 walifariki, na Mkoa wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa. Bonde la Kilombero lenyewe halikuwa na historia ya ugonjwa huo, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta alama za kirusi hicho katika damu ya mifugo wapatao 11 katika kila 100 waliopimwa bondeni humo. Kirusi kilikuwa kimekwishapita, bila kelele.

Mwaka 2014 kundi la Sara Cherry wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania liliuliza kuhusu homa hii swali lile lile lililoulizwa kuhusu polio. Walipozima otofajia, katika nzi wadogo wa matunda na katika chembe hai za wanyama, kirusi kiliongezeka. Walipoichochea kwa dawa, kilipungua. Ni kinyume kabisa cha polio na dengi. Hapa tanuri ni silaha, na silaha hiyo ni ya kale kiasi kwamba wadudu wanayo sawa na sisi.

Hebu sasa msomaji ajiweke mahali pa tabibu wa zahanati moja kati ya Kidatu na Ifakara. Mbele yake wameketi wagonjwa wawili wenye homa, kipimo cha malaria kimeonyesha hawana vimelea. Mmoja ana dengi. Mwingine, mfugaji, ana Homa ya Bonde la Ufa. Siku za mwanzo wote wawili wanalalamika kwa maneno yale yale: kichwa, viungo, uchovu. Tuseme amepewa dawa ya kulizima tanuri. Kwa mujibu wa majaribio ya maabara ingemfaa wa kwanza na kumdhuru wa pili. Dawa ya kulichochea ingefanya kinyume chake. Bila kipimo cha kutofautisha virusi hivyo, dawa yenyewe ni bahati nasibu.

Klorokwini, dawa tuliyoizoea

Wapo watakaosema kwamba jambo hilo ni la kubuni, kwa kuwa dawa za namna hiyo hazipo. Zipo, na mojawapo ilikuwa katika kila kabati la Mtanzania. Klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mpaka mwaka 2001, ilipoondolewa kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Kikemia ni besi hafifu. Huingia ndani ya laisosomu, hunasa humo, na kupunguza asidi yake; tanuri lenye asidi iliyopunguzwa halichomi. Watafiti wa otofajia huitumia kila siku katika maabara zao kwa kazi hiyo hiyo. Kadhalika hupunguza asidi ya vifuko ambavyo virusi vingi huvipitia wakati wa kuingia katika chembe hai, na ndiyo maana katika sahani za kioo iliweza kuzuia virusi vingi, dengi na chikungunya vikiwamo.

Katika binadamu hadithi ilikuwa tofauti. Jaribio lililofanywa Vietnam kwa wagonjwa wa dengi, likachapishwa mwaka 2010, halikuona kwamba klorokwini ilifupisha muda wa kirusi kukaa katika damu. Huko Réunion, jaribio dogo kwa wagonjwa wa chikungunya halikuona faida, na waliopewa dawa walilalamika maumivu ya viungo zaidi miezi kadhaa baadaye. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, mamilioni ya watu ulimwenguni waliisikia tena klorokwini na nduguye haidroksiklorokwini. Majaribio makubwa yakaonyesha kwamba hazikuwaokoa wagonjwa waliolazwa hospitalini.

Kwa nini sahani ya kioo na mgonjwa hupingana? Kiasi cha dawa kinachofaa katika sahani huenda hakifikiki katika damu bila sumu. Mgonjwa huja kliniki siku ya tatu au ya nne, wakati kirusi kimekwisha kuzaliana. Na juu ya hayo, tanuri lile lile linatumiwa na chembe hai za kinga kukata vipande vya kirusi na kuvionyesha kwa chembe nyingine za ulinzi. Ukilizima, umemnyima mlinzi tochi. Dawa ya kuchochea otofajia inayojulikana zaidi, rapamisini, iliyopatikana kwa vijidudu vya udongo wa Kisiwa cha Pasaka, ina tatizo jingine: hutolewa kwa waliopandikizwa figo, kwa sababu hulaza kinga ya mwili. Twasikia pia siku hizi watu wakidai kwamba kufunga kula huponya virusi kwa kuwa njaa huamsha otofajia. Mwenye kusoma mpaka hapa ataona kwamba dai hilo halisemi ni kirusi kipi, na mtoto mwenye homa anahitaji maji na chakula.

Kwa hiyo mgonjwa wa dengi au wa chikungunya, akiwa Ifakara au Chicago, bado anapewa maji ya kutosha, mapumziko na parasetamoli. Aspirini haifai, kwani huongeza hatari ya kutokwa damu. Watafiti sasa wanaelekea kutafuta dawa isiyolizima tanuri zima, bali inayougusa mkono mmoja tu, kama vile kuuzuia mkasi wa dengi usikate ile protini ya kubomoa karakana.

Kwa walimu wenye hadubini

Virusi haviwezi kuonekana kwa hadubini ya shule, wala havipaswi kuchezewa. Lakini tumbo la hamira laweza kuonekana. Koroga hamira kavu kidogo katika maji ya uvuguvugu yenye sukari, iache kwa saa moja, kisha weka tone moja juu ya kioo na kulifunika. Kwa ukuzaji wa mara 400 chembe za hamira huonekana kama mayai madogo, na ndani ya nyingi kuna doa jepesi la mviringo: hilo ndilo tumbo alilolitazama Ohsumi. Hamira yako ina vimeng'enya vyake vyote, hivyo usitarajie kuona vifuko vikichezacheza kama alivyoviona yeye. Huvunjwa mara viingiapo. Waulize wanafunzi, kabla hujawaeleza, kwa nini alilazimika kutumia hamira yenye kasoro.